Chullpa haikuwa gereza la wafu

Kila ninapoonyesha picha za chullpa, yaani minara ya mawe ya kuzikia wafu, huko Sillustani, kando ya ziwa Umayo nchini Peru, nasikia lile lile: "Kumbe walimjengea mfalme mnara, wakamfungia humo na mali zake." Nimelichoka. Chullpa nyingi hazikuwa za mtu mmoja, wala hazikufungwa moja kwa moja.

Ndani walikaa wafu wengi wa ukoo mmoja, ayllu, magoti yamekunjwa hadi kifuani, wamefungwa kwa nguo au kamba za nyasi. Chini, kwa kawaida upande wa mashariki, kuna mlango mdogo wa kupita kwa kutambaa. Watu huupuuza, na hapo ndipo subira hunishinda. Anayezika na kuondoka mlango wa nini? Guaman Poma, mwandishi mzawa wa Andes, alieleza mnamo 1615 jinsi wafu walivyotolewa makaburini mwezi wa Novemba, wakapewa chakula na kinywaji, wakavishwa nguo za fahari na manyoya kichwani, watu wakacheza nao, kisha wakarudishwa. Kwao, mzee aliyekufa alibaki mwanaukoo kamili. Mnara wake ulioonekana kutoka mbali ulitangaza malisho na mashamba yale ni ya nani. Ndiyo maana mapadri wa Kihispania wa karne ya 17 walizisaka maiti za mababu milimani na kuzichoma: walijua ukoo unasimama juu ya mababu hao.

Eti Wainka, wenye ile dola kubwa ya Andes, ndio waliojenga yote? Hapana. Wenyeji wa huko, Wakolla wa Sillustani na Walupaka wa Cutimbo, walikuwa wakijenga minara kabla Wainka hawajafika katika karne ya 15. Mkono wa Wainka unaonekana kwenye mawe yaliyochongwa yakashikana barabara, basi.

Wala msiniletee habari za dawa za kuhifadhia maiti za Misri. Huko juu, zaidi ya mita 3,800, hewa kavu na baridi ilifanya sehemu kubwa ya kazi. Mkitaka ufundi wa kutengeneza maiti, nendeni kwa Wachinchorro wa pwani ya Chile na Peru, walioanza yapata miaka 7,000 iliyopita, kabla ya Misri.

Na wanaosema mawe yalinyanyuliwa na viumbe wa anga za juu: ukifika Sillustani, usikimbilie mnara uitwao Mjusi kwa sababu una urefu wa takriban mita 12. Anza na ule ambao haukumalizika. Tuta la kupandishia mawe bado limeegemea ukuta wake.