Kitabu cha Wageni si Orodha ya Matangazo

Kila nyumba ya wageni hapa Bagamoyo ina lile daftari kubwa la mapokezi: jina, kabila, utokako, uendako, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Siku hizi wengine wameongeza safu ya barua pepe. Masika yakiingia na vyumba vikawa vitupu, au tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni cha hapa, likikaribia, mwenye nyumba hulitazama daftari hilo kwa jicho jingine. Anwani mia tatu za watu waliokwisha kulala hapa! Kijana wa mapokezi anaambiwa azinakili zote, aandike "Karibuni tena Bagamoyo", atume.

Tukikaa na wafanyabiashara kuzungumzia jambo hili, majibu huwa mawili. Mmoja husema barua pepe ni bure, sheria inaingiaje hapo? Mwingine amesikia juujuu habari za Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, akaapa kutotuma tangazo lolote maisha yake yote. Wote wawili wamekosea, na huyu wa pili anajinyima riziki bure. Sheria aliyoisikia inamlenga anayetuma ujumbe usioombwa akiwa na nia ya kutenda kosa, au anayeghushi taarifa za mtumaji. Mwenye vyumba sita na mgahawa wa samaki wa kupaka hayumo humo.

Sheria inayomhusu ni nyingine ya mwaka huohuo, ya Miamala ya Kielektroniki. Kifungu chake cha 32 kinakataza kumtumia mtu tangazo la biashara mpaka awe ameridhia, aelezwe tangu mwanzo wa ujumbe nani anaandika na kwa shabaha gani, na apewe njia ya kusema "msiniletee tena". Lakini kifungu hichohicho kina mlango ambao wengi hawaujui. Kama anwani uliipata wakati wa kumuuzia mteja au kupatana naye bei, ukampa nafasi ya kukataa matangazo naye hakukataa, unaweza kumwandikia kuhusu huduma zinazofanana na ile aliyoinunua, ilimradi kila ujumbe uwe na njia ya kujitoa. Aliyelala kwako unaweza kumwambia habari za vyumba. Usimuuzie viwanja vya shemeji yako.

Sasa turudi kwenye daftari. Mgeni alipoandika pale, nani alimwuliza kama anataka matangazo? Aliandika kwa sababu aliambiwa aandike, kama anavyoandika kabila lake. Nafasi ya kukataa hakuipata, kwa hiyo mlango ule haujafunguka. Juu ya hapo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ambayo Tume yake ndiyo msimamizi. Msingi wake mmoja unatosha kwa habari hii: taarifa iliyochukuliwa kwa kazi fulani itumike kwa kazi hiyo. Sheria hiyo pia inampa mtu haki ya kumzuia yeyote asitumie taarifa zake kumtangazia biashara.

Kuna kosa jingine ambalo kijana wa mapokezi hulifanya bila kujua: huweka anwani zote mia tatu kwenye mstari wa mpokeaji, kila mgeni akamwona mwenzake. Aliyekuja Bagamoyo kimyakimya na mtu asiye mkewe amekwisha kuanikwa. Mtu anaweza kucheka, ila huko ni kuvujisha taarifa binafsi. Tumia sehemu ya nakala iliyofichwa (Bcc).

Hata hivyo, mfanyabiashara mdogo haadhibiwi kwanza na hakimu, bali na mtambo unaochuja barua pepe. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma barua pepe. Google inataka watumaji wabaki chini ya asilimia 0.3 ya malalamiko, yaani barua tatu katika elfu moja. Kwenye orodha yako ya watu 300, mmoja tu akibonyeza "hii ni taka", umeshavuka. Na mtambo ukikuona wewe ni mchafu hautazami tena unaandika nini: hata jibu lako kwa mgeni aliyeuliza bei ya chumba linaishia kwenye folda ya taka. Anasubiri, haoni kitu, anakwenda kulala kwa jirani.

Ndiyo maana tunamwomba mteja naye atofautishe. Tangazo la duka au hoteli unayoijua, lililokuchosha, tumia njia ya kujitoa. Kubonyeza "taka" ni kumshtaki mtu ambaye pengine ungemwambia tu "basi, inatosha". Ujumbe wa tapeli ni habari nyingine kabisa. Huo usijibu, wala usibonyeze kiungo chake cha kujitoa, kwa maana unamthibitishia kwamba anwani ina mtu. Na zile za simu, "ile hela tuma kwenye namba hii", namba ya mtumaji ipeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha futa. Tapeli hajisumbui na kifungu cha 32. Anayesumbuka nacho ni mwenye jina na kibao barabarani, nasi tuliokaa upande wa sheria tukubali kwamba mzigo huo hauko sawa.

Nyumba ya wageni haihitaji mwanasheria. Pembeni ya daftari weka karatasi ndogo: "Tukutumie habari za vyumba na ofa zetu kwa barua pepe? Ndiyo / Hapana", pamoja na tarehe na sahihi, na uitunze. Wachache watakaosema ndiyo ndio watakaofungua barua zako. Wale mia tatu wa zamani usiwaandikie hata kuwaomba ruhusa, kwani ombi lenyewe ni tangazo ambalo hawakuliomba. Wakirudi, waulizwe palepale mapokezi.