Ule utelezi kidoleni si wa kupuuza

Mama anayepika sabuni ya mche uani kwake, Igoma jijini Mwanza, anaujua mchezo huu. Tone la kostiki, ile soda kali ya kupikia sabuni, limemrukia kwenye kiganja. Anapapasa, vidole vinateleza kama vimegusa mlenda. Kwa kuwa hakuumia sana, anajifuta kwa kanga na kuendelea kukoroga.

Ule utelezi ni sabuni. Ngozi nayo ina mafuta, na kostiki haichagui: kazi iliyokuwa ikiyafanyia mawese ndani ya ndoo, sasa inamfanyia yeye.

Kostiki ni alkali. Maji ya betri ni tindikali, na hiyo huunguza kwa namna nyingine. Huigandisha protini ya mwili kama yai linavyoganda kikaangoni, kikatokea kigaga kigumu ambacho kwa kiasi fulani huizuia isizame. Huuma papo hapo, kwa hiyo mtu hukimbilia maji. Alkali haina kigaga cha kuizuia. Huyeyusha mafuta na protini, ikajichimbia njia kwenda ndani hata baada ya juu kuonekana shwari. Ndiyo maana kwenye jicho tunaiogopa zaidi: ndani ya dakika chache inaweza kupenya kioo cha jicho.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ni maji, mengi na mapema. Kama ni unga mkavu, ukung'ute kwanza. Vua nguo iliyolowa, kisha mwagia maji yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Jicho lishikilie wazi, lioshe nusu saa nzima, na hata likitulia mgonjwa aende hospitali. Mvuvi wa dagaa aliyemwagikiwa maji ya betri ya taa katikati ya ziwa asingoje kufika mwaloni. Kama hana maji safi, achote ya ziwani. Najua mtauliza kuhusu kichocho. Kichocho kina dawa.

Limao, magadi, dawa ya meno, asali: viacheni. Anayemwagia limao juu ya kostiki ili "kuiua" anaongeza joto kwenye kidonda na kupoteza dakika za kuoshea.

Linalonisumbua zaidi ni chupa. Kostiki iliyokwisha kuyeyushwa haina rangi, na ikiwekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, mtoto wa miaka 3 ataijuaje? Akinywa, msimtapishe, maana itaunguza umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, mara ya pili ikipanda. Msimlazimishe maziwa wala mafuta. Akiweza kumeza, asukutue mdomo tu na kutema, kisha apelekwe hospitali ya Sekou Toure, Bugando au kituo cha afya kilicho karibu, pamoja na ile chupa. Na msidanganywe na mdomo usio na kidonda. Umio unaweza kuwa umeungua huku midomo ikiwa mizima.

Kidonda cha umio kikipona huacha kovu, na kovu hujikunja. Wiki kadhaa baadaye mtoto anaanza kukwamwa na ugali, kisha ndizi, mwishoni hata uji unarudi. Nyumbani husemwa amekuwa mchaguzi wa chakula. Kama aliwahi kuonja kostiki, hata kama ni mwezi uliopita, mrudisheni hospitali na mlitaje jambo hilo mlangoni, kabla hamjaulizwa.