Goti la kulia la Lindsey Vonn

Kijana akiletwa kliniki anachechemea, ACL (kano ya ndani ya goti) imekatika uwanjani, swali lake huwa moja: "Narudi lini?" Siku hizi humsimulia kwanza habari za dada wa Kimarekani, Lindsey Vonn, ambaye hata si mchezaji wa mpira.

Vonn alishindana kuteremka milima ya theluji kwa skii, tena kwa mwendo unaopita kilomita 120 kwa saa. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki Vancouver mwaka 2010 na ubingwa wa jumla wa Kombe la Dunia mara 4. Februari 2013, kwenye Mashindano ya Dunia ya Schladming, Austria, aliruka akatua vibaya. Goti la kulia likapoteza kano ya mbele ya ndani, yaani hiyo ACL, na kano ya pembeni, na mfupa wa muundi ukavunjika.

Kwa nini goti? Kiatu cha skii ni kigumu kama plasta, kinakibana kifundo cha mguu kisipinde. Chini yake kuna ubao wenye urefu wa zaidi ya mita 2. Ncha ikinasa kwenye theluji, ubao wote hugeuka mtaimbo, na kiungo cha kwanza chenye uhuru wa kujipinda ni goti.

Wengi hudhani daktari huishona kano iliyokatika. Kwa kawaida haishoni. Huchukua kipande cha kano kwingine, labda nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, akakipitisha ndani ya mifupa. Kipande hicho hudhoofika kwanza. Kinapata nguvu polepole kadiri mishipa ya damu inavyokiingia. Mgonjwa haoni lolote kati ya hayo. Mwezi wa 4 uvimbe umekwisha, maumivu hakuna, na mtaani ndondo imeanza. Hapo ndipo huwa nawapoteza.

Vonn hakukimbilia hivyo. Miezi 9 hivi baada ya kuumia, Novemba 2013, akaanguka mazoezini Copper Mountain, Colorado, na kano mpya ikachanika kiasi. Olimpiki ya Sochi ilikuwa mlangoni, akaingia mashindanoni hivyo hivyo. Desemba, Val d'Isère, Ufaransa, goti likamwachia akiwa mbioni. Namwelewa kabisa, ila angekuwa mgonjwa wangu tungegombana. Sochi akaikosa, kisu kikarudi.

Safari ya pili alikaa nje karibu mwaka. Desemba 2014 akashinda Lake Louise, Kanada, na Januari 2015, Cortina d'Ampezzo, Italia, akaipita rekodi ya wanawake ya Mwaustria Annemarie Moser-Pröll ya ushindi 62 wa Kombe la Dunia. Kabla ya Schladming alikuwa na ushindi 59. Alipostaafu Februari 2019, akiwa na shaba ya Mashindano ya Dunia ya Åre, alikuwa na 82. Hiyo 23 ya juu ndiyo ninayowaonyesha vijana.

Kuna sehemu ambayo siwaanzishii. Mwaka 2024 upande mmoja wa goti lile ulibadilishwa, ukawekwa chuma cha titani, akarudi mashindanoni, na Machi 2025, ana miaka 40, akashika nafasi ya pili kwenye supa-G (aina ya mbio za kuteremka) huko Sun Valley, Marekani. Wiki iliyopita mzee mmoja wa miaka 60 na kitu, goti limelika, aliiona kwenye simu ya mjukuu wake. Akaniuliza kama hicho chuma kinapatikana hapa, na kama ataweza kucheza veterani. Nikamwomba kwanza tujaribu kupanda ngazi.