Je, wajua kwa nini lenzi mbili za kamera, zote za kuvuta mbali za 300mm, zinapishana bei mbali hivyo? Na we unayeanza, ipi inakutosha?

Wiki iliyopita dogo mmoja wa hapa Shangani, Mtwara, kaniletea simu yake kanionyesha lenzi mbili, zote zimeandikwa 300mm, moja kwa bei yake unanunua bodaboda mpya na chenji inabaki, nyingine unaipata kwa bei ya simu ya kawaida. Akaniuliza, kaka, kama zote zinavuta sawa hiyo hela nyingine inaenda wapi? Swali zuri sana, na wengi wanaoanza wanalo ila wanaona aibu kuuliza, kwahiyo nalijibu hapa kwa urefu.

Hela inaenda kwenye tundu. Ile namba ya f unayoiona mbele ya lenzi ni hesabu ya kugawanya tu. Chukua 300 gawa kwa 5.6 unapata kama milimita 54, yaani mlango wa mwanga una upana wa kama mdomo wa kikombe cha kahawa ya barazani. Sasa 300 hiyohiyo gawa kwa 2.8, unapata milimita 107, hapo tumeshafika kwenye bakuli la uji. Upana umeongezeka mara 2 lakini eneo limeongezeka mara 4, na mwanga unaoingia ni mara 4 pia. Kioo cha kuziba bakuli lazima kiwe kikubwa na kisagwe kwa usahihi ule ule, afu kioo kikubwa kinapenda kuchana rangi, unaona pembeni ya kanzu nyeupe kuna mstari wa zambarau, kwahiyo wanaongeza vioo vya aina maalum kuurekebisha, na hivo ndo vya gharama. Lenzi ya Canon ya 300mm f/2.8 toleo la pili ina uzito wa kilo 2 na gramu 350, wakati ile 75-300 yao ya bei ya chini ni gramu 480. Umeona tofauti.

Sasa kwa sisi watu wa kusini kuna jambo moja linanifurahisha sana, nalo ni kwamba hilo bakuli kwa kazi nyingi za mchana hatulihitaji, jua tunalo. Kuna kanuni ya zamani ya wapiga picha, jua likiwa kali bila mawingu weka f/16, na shata (muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia) iwe sekunde moja gawa kwa namba ya ISO, ile inayosema kamera inahisi mwanga kiasi gani. Ukifungua mpaka f/5.6, ambako ndo lenzi nyingi za bei rahisi zinaishia ukivuta mpaka mwisho, kwa ISO 100 tu unapata shata ya 1/800 ya sekunde. Panda ISO 200, unapata 1/1600. Hiyo inasimamisha mtoto anayeruka majini pale Mikindani, matone yote yanaonekana. Bakuli linaanza kulipa hela yake jioni, mechi ya saa 10 pale uwanja wa Nangwanda Sijaona kipindi cha pili kinapokaribia kuisha, au usiku ukumbini kwenye harusi. Ila kwa harusi mi nakushauri usinunue lenzi ya kuvuta kabisa, tafuta 50mm f/1.8, ni ndogo, bei yake inavumilika, na inaingiza mwanga karibu mara 10 ya f/5.6.

Kwahiyo tundu dogo sio tatizo la kukunyima usingizi. Kitu ambacho usikubali kukikosa ni stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono, na hapa naongea kwa uchungu kabisa. Mi nilianza na lenzi ya mtumba ya 300 isiyo na stabilaiza, sikujua hata kama kuna kitu kinaitwa hivyo, nikavuka na pantoni kwenda Msangamkuu nikakaa siku nzima napiga mashua zinarudi na samaki. Kwenye kioo kidogo cha kamera zote nzuri. Nafika nyumbani nafungua kwenye kompyuta, kuna mashua imeandikwa SUBIRA ubavuni na kila herufi ina kivuli chake, kama imeandikwa mara mbili, na ndivyo zilivyokuwa karibu picha zote. Nilikuwa nimeiacha shata kwenye 1/125. Ukivuta mbali unakuza na mtikisiko wa mkono vilevile, hata mapigo ya moyo yanaonekana, na kamera zetu za kuanzia zina sensa (kile kibamba kinachopokea picha) ndogo, kwahiyo 300 kwenye Nikon inaona kama 450, yaani zidisha kwa 1.5, na kwenye Canon zidisha kwa 1.6. Namba hiyo ndo inakuongoza, kwahiyo shata ilitakiwa isishuke chini ya 1/500. Nilirudi wiki iliyofuata na 1/1000, SUBIRA ikasomeka mpaka michirizi ya brashi.

Stabilaiza ni nini, ni kikundi cha vioo humo ndani kinachoelea, kuna vihisio vinasikia mkono umeyumba kushoto, sumaku zinakisukuma kioo upande wa pili, na hayo yanatokea mara nyingi sana ndani ya sekunde moja. Canon wanaiandika IS, Nikon VR, Sigma OS, Tamron VC. Ile Canon 55-250mm IS STM ya mwaka 2013 wanasema inakupa hatua 3 na nusu, kila hatua inakuruhusu kuongeza muda wa shata mara 2, maana yake pale ulipohitaji 1/400 unaweza kushuka mpaka karibu 1/40 na kitu kilichotulia kikatoka safi. Nasema kilichotulia, kwasababu stabilaiza inatuliza mkono wako, haimtulizi yangeyange anayeruka wala nyangumi wanaopita huku kwetu kuanzia katikati ya mwaka, hao wanataka shata ya kasi tu.

Kama una Canon ya kuanzia ya aina ya DSLR, zile zenye kioo cha kuakisi ndani, hiyo 55-250 ndo ningeianza kuitafuta, gramu 375 tu, shingo haiumi. Usilie kwamba haifiki 300. Kutoka 55 ya lenzi iliyokuja na kamera mpaka 250 unasogea mara 4 na nusu, kutoka 250 mpaka 300 ni kama hatua mbili za mguu. Ile 75-300 ya bei chee haina IS, ndo maana iko chee.

Wenye Nikon kuweni makini zaidi. Kamera za D3000 na D5000 na ndugu zao hazina mota ya fokasi (ya kuifanya picha iwe kali) ndani, kwahiyo lenzi iliyoandikwa AF peke yake itakufanya uzungushe kwa mkono siku zote, unataka AF-S, yenye mota yake ndani. Kuna AF-P DX 70-300 (DX ni ya kamera zenye sensa ndogo) ni nzuri ila kwenye bodi za zamani kama D3100 haifokasi kabisa, hata kwa mkono, na inauzwa ya aina mbili zinazofanana kama mapacha, moja ina VR nyingine haina, soma herufi moja moja.

Kuna kitu kingine wanalaumiwa nacho wauza lenzi bure, mazigazi. Saa 7 mchana ukipiga mashua iliyo mbali juu ya mchanga wa Msimbati au ng'ambo ya ghuba ya Lindi, hewa ya moto inacheza katikati yenu na picha inakuwa kama imepigwa kupitia maji. Hata ile lenzi ya bei ya bodaboda haiponyi. Nenda saa 1 mpaka saa 3 asubuhi, panda ISO 400, mwanga unatosha kabisa, au msogelee unayempiga.

Mwisho ni fangasi, maana pwani yetu ina unyevu na lenzi za mtumba nyingi zinakuja nayo. Toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili kwa kuinamisha kidogo, uvumbi ni vidoa na hauna shida sana, fangasi ni nyuzi nyeupe zenye matawi kama mizizi, zinaanzia pembeni. Ukiziona acha, zinaweza kula kioo. Na ya kwako usiifungie kwenye begi la ngozi kabatini, iweke kwenye kontena la plastiki linalobana na vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu, vikishashiba unyevu badilisha.

Dogo juzi kaleta ya kwanza aliyoipata, tukaimulika hapo barazani, pembeni kabisa kulikuwa na uzi mmoja mweupe unapanda. Kairudisha. Ya pili anaifuata Jumamosi, na safari hii anaenda na kamera yake aifunge aijaribu palepale kabla hajatoa hela.