Je, wajua kwa nini kebo ya mwisho ya staki hurudi kwenye swichi ya kwanza?

Ukifungua kabati la mtandao katika ofisi yenye ghorofa kadhaa, mara nyingi utakuta swichi nne au tano zimepangana, moja juu ya nyingine. Nazungumzia swichi zinazogawa mtandao kwa kompyuta. Nyuma yake kuna kebo fupi, nene, inayotoka ya juu kwenda ya pili, nyingine ya pili kwenda ya tatu, hadi chini kabisa. Halafu ipo moja ndefu inayopanda kutoka ya chini kurudi ya juu. Fundi mwenye haraka huiona ya ziada, akaiacha kwenye boksi.

Swichi zilizofungwa hivi huitwa staki, na hufanya kazi kama swichi moja yenye anwani moja ya IP. Swichi za modeli ya Cisco Catalyst 3750 ziliweza kuungana hadi 9. Kebo ya kurudi hufunga duara, data ikapita pande zote mbili. Duara likiwa zima, staki ya 3750 hubeba gigabiti 32 kwa sekunde. Kebo moja ikikatika hubaki 16, na kazi inaendelea.

Bila kebo hiyo, ya katikati ikichomoka tu, staki hupasuka vipande viwili. Kila kipande huteua mkuu wake, yaani swichi inayoongoza nyingine, na vyote viwili hushikilia anwani ileile ya IP na mipangilio ileile. Kwangu mimi hili ni baya kuliko swichi kuzimika. Iliyozimika utaiona, hapa taa zote zinawaka kijani huku watu wanapiga simu kulalamika.

Na huyo mkuu hupatikanaje? Kila swichi ina namba ya kipaumbele, 1 hadi 15, na zote hutoka kiwandani zikiwa na 1. Zikiwashwa pamoja bila kuguswa, yenye anwani ndogo zaidi ya MAC (namba ya utambulisho iliyowekwa kiwandani) ndiyo hushinda, na mara nyingi hiyo ndiyo kongwe kuliko zote. Kwa hiyo chagua mwenyewe: mkuu mpe 15, msaidizi 14. Katika Catalyst 3850 msaidizi hutunza nakala ya hali ya mkuu muda wote, hivyo hushika usukani bila wenzake kuwaka upya.

Kosa ninaloliona sana ni nyaya zote mbili za kwenda swichi kuu ya jengo kuchomekwa kwenye mwanastaki mmoja. Akifa huyo, duara halisaidii kitu. Zigawe kwa swichi mbili tofauti, uzifunge kuwa njia moja kwa LACP, itifaki ya kuunganisha nyaya kadhaa.

Swichi mpya nayo iingize ikiwa imezimwa. Ikiingia inawaka, wakuu wawili hukutana, na upande ulioshindwa hujiwasha upya, wakati mwingine ukiwa ndio wenye watumiaji wote.

Kisha jaribu, Jumamosi ofisi ikiwa tupu: acha pingi (ping, ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinajibu) iendelee, chomoa kebo moja ya staki, irudishe, halafu mzime mkuu.