Je, wajua kwa nini wimbo wa Kikatoliki huvuma na mtunzi wake asijulikane?

Ukisimama Namugongo, nchini Uganda, tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, yaani Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, utasikia kwaya ya jimbo lililopewa zamu ya kuongoza ibada ikiimba, na katikati ya nyimbo za zamani utakutana na mpya ambazo umati unaziitikia bila kuangalia kitabu. Uliza nani aliyezitunga. Mara nyingi utatajiwa jina la kwaya, au utaambiwa tu kwamba ni wimbo wa kanisa.

Kwa miaka mingi nilikuwa na maelezo yangu, nayo yalikuwa ya makosa. Niliamini kwamba Kanisa Katoliki halina nafasi kwa wasanii wa leo: kwamba nyimbo za Misa zilikwisha kuandikwa na wamisionari, kwamba ngoma na gitaa huvumiliwa tu, na kwamba kijana Mkatoliki mwenye kipaji hana budi kwenda kuimba kwa walokole. Hati zenyewe zinasema kinyume kabisa. Konstitusio juu ya Liturujia, yaani hati ya Kanisa juu ya ibada, iliyotolewa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, tarehe 4 Desemba 1963, inaagiza katika kifungu cha 119 kwamba muziki wa jadi wa watu wa nchi za misioni uheshimiwe na upewe nafasi unayostahili. Kifungu cha 120 kinakisifu kinanda kikubwa cha mabomba, lakini kinaruhusu ala nyingine kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa ya mahali, mradi ziifae ibada. Kifungu cha 121 kinawaita watunzi waione kazi yao kuwa wito na waiongeze hazina ya muziki mtakatifu. Sharti lake ni kwamba maneno yapatane na mafundisho ya Kanisa na yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na liturujia. Mwaka uliofuata, Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu Mashahidi 22 wa Uganda, utunzi mkubwa wa Mganda Joseph Kyagambiddwa juu ya mashahidi hao uliimbwa Roma kwenyewe. Nilipoyasoma hayo ndipo nilipokubali kwamba mlango nilioudhani umefungwa ulikuwa wazi tangu kabla sijazaliwa.

Kinachomficha mtunzi ni njia ambayo wimbo wake husafiri, na njia hiyo hufahamika vizuri zaidi mtu akiitazama migomba. Ndizi za matoke hazina mbegu za kupanda. Shamba jipya huanza kwa chipukizi lililong'olewa kwenye shina la jirani. Mkungu huliwa ukaisha, lakini chipukizi huzaa shamba, na baada ya misimu michache hakuna anayekumbuka lilitoka kwa nani, kwa kuwa shamba sasa huitwa kwa jina la mwenye kulilima. Katika muziki, rekodi ni mkungu na karatasi ya nota ni chipukizi. Msanii wa jukwaani hutoa mkungu: redio inapiga sauti yake, na jina lake linaambatana na sauti hiyo. Mtunzi wa kwaya hutoa chipukizi, na kila kwaya hulipanda kwake.

Chipukizi lenyewe ni jepesi mno kubeba. Kwaya zetu nyingi husoma solfa, mtindo wa kuandika muziki kwa herufi ulioanzishwa Uingereza katika karne ya 19 na Sarah Glover, ukaendelezwa na John Curwen, kisha ukaletwa Afrika na wamisionari. Tazama kipande hiki: |d :r |m :– |. Maana yake ni do pigo moja, re pigo moja, mi mapigo mawili, kwa kuwa kistari kinaiamuru sauti iendelee. Hizo ni herufi za kawaida, zinazoandikika kwa chaki ubaoni, kwa kalamu daftarini au kwa simu. Mwalimu wa kwaya akishapata do yake na mistari minne ya soprano, alto, tenor na besi, hahitaji kuwa amewahi kuusikia wimbo huo.

Kwaya ikirekodi, jina linalosambaa ni la kwaya. Anayetafuta nyimbo za Kwaya ya Mtakatifu Kizito ya Makuburi, Dar es Salaam, iliyojipa jina la shahidi kijana wa Namugongo, huandika jina la kwaya. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inatenganisha hakimiliki ya mtunzi na hakishiriki, yaani haki jirani, za waimbaji na watayarishaji wa rekodi, ila masikioni mwa watu mambo hayo mawili ni kitu kimoja.

Maelezo haya hayawahusu sana wanaoimba peke yao nje ya Misa, kwani wao hujulikana kwa majina. Shida yao ni ya upande wa pili: wana mkungu bila chipukizi, kwa hiyo hata wimbo wenye maneno yanayofaa haufiki kwaya za parokia mpaka mtu auandike nota.

Kwenye karatasi ya solfa jina la mtunzi kwa kawaida hukaa juu, pembeni kulia, tena kwa herufi ndogo. Fotokopi ikisogea kidogo, jina ndilo linaloanza kukatwa. Anayeipiga picha kwa simu naye hulenga nota, akaacha ukingo. Nakala ya tano ina sauti zote nne na haina mtunzi. Ndiyo maana sasa, kabla ya kumpa mtu nakala yoyote, mimi huliandika jina hilo upya kwa kalamu, katikati, chini kidogo ya kichwa cha wimbo.