Sauti tano pekee haziufanyi wimbo kuwa wa Kichina: ufafanuzi kwa watahiniwa, walimu na wazazi

Tangu kipengele cha utunzi kwa ngazi za Kichina (ngazi ni mpangilio wa sauti za wimbo) kiingizwe kwenye mtihani wetu wa muziki, kitengo kimepokea malalamiko mengi kuliko tulivyotarajia. Yapo ya haki, na hayo yanafanyiwa kazi. Mengi zaidi yanatokana na dhana moja tu: kwamba ukigonga funguo nyeusi za kinanda, ambazo hutoa sauti tano tu, hata bila mpango, umeshapiga muziki wa Kichina. Tunaomba maelezo haya yasomwe hadi mwisho kabla barua nyingine haijaandikwa.

Anayesoma solfa hatapata taabu na sauti zenyewe. Sauti tano za msingi, yaani gong, shang, jue, zhi na yu, ni d, r, m, s na l (do, re, mi, so na la). Katika vitabu vya nyimbo vya China utazikuta kwa tarakimu, 1 2 3 5 6, mfumo uliotoka Ufaransa ukapitia Japani na kufika huko mwanzoni mwa karne ya 20. Kufanana kunaishia hapo. Nyimbo nyingi za kale za Uskoti zina tano hizo hizo, na hakuna aliyewahi kusema Waskoti wanaimba Kichina. Wagogo wa Dodoma nao wana tano zao, na nafasi kati ya sauti hizo ni nyingine.

Hesabu ya ngazi hii imo katika maandishi ya kale ya China yaitwayo Guanzi, nayo inafaa kufanywa kwa mkono. Chukua uzi wenye urefu wa 81. Ongeza theluthi yake, unapata 108. Punguza theluthi, 72. Ongeza, 96. Punguza, 64. Zipange kuanzia ndefu: 108, 96, 81, 72, 64. Hizo ni s na l za chini, kisha d, r na m. Wafuasi wa Pythagoras huko Ugiriki walitumia uwiano huo huo wa 3 kwa 2, kwa hiyo katika chimbuko la hesabu Wachina na Wazungu hawagombani. Endelea hatua moja mbele, utapata 85 na theluthi moja, ambayo ni t (ti). Hatua inayofuata haikupi f (fa) ya kwaya, bali f iliyopandishwa nusu toni, yaani umbali wa kutoka ufunguo mmoja wa kinanda hadi wa jirani yake.

Kwa hiyo wanaotuandikia kwamba "Wachina walijua sauti tano tu" wanakosea, tena kosa la zamani. Mwaka 1978, katika mkoa wa Hubei, lilifukuliwa kaburi la Mtemi Yi wa Zeng, aliyezikwa karibu mwaka 433 kabla ya Kristo. Ndani mlikuwa na kengele 65 za shaba nyeusi. Karibu kila kengele hutoa sauti mbili: moja ikigongwa katikati ya mdomo wake, nyingine ikigongwa pembeni, na maandishi yaliyonakshiwa kwa dhahabu yanataja ni sauti zipi. Kengele za kati zinatoa nusu toni zote 12. Mwaka 1584 Zhu Zaiyu, mtu wa ukoo wa kifalme wa Ming, alikokotoa namna ya kuigawa oktavu, yaani nafasi ya kutoka d hadi d ya juu, katika nusu toni 12 zilizo sawa kabisa, kila moja ikizidishwa kwa 1.059463. Ndiyo hesabu inayotumika kuweka sauti za kinanda cha kanisani kwenu. Nyumbani kwake haikupokewa na wapigaji, na Ulaya ilienea polepole, hasa kuanzia karne ya 19. Wachina walizijua sauti zote, wakachagua chache za kuegemea.

Uchaguzi huo ndio unaobadilisha mwendo wa wimbo, na hapa ndipo watahiniwa wengi wanapopoteza alama. Katika d r m s l hamna nusu toni hata moja. Hakuna t inayoisukuma d, wala f inayodondokea m. Wimbo wa Kimagharibi wa karne tatu zilizopita umejengwa juu ya msukumo huo: unatoka nyumbani kwenye d, unafika kwenye s-t-r zikiimbwa pamoja, unarudi, na msikilizaji anajua umefika. Wimbo wa Kichina unaweza kufanya nyumba yake kwenye sauti yoyote kati ya tano. "Mo Li Hua", wimbo wa jadi wa China ambao mtunzi wa Kiitalia Puccini aliutumia katika opera yake iliyooneshwa kwanza Milan mwaka 1926, unamalizia kwenye s, na pale ndipo kwao. Sasa mtahiniwa anatunga wimbo mzuri wenye nyumba kwenye s, kisha anaupangia sauti nne. Alto anapewa t, besi anashuka kutoka s hadi d, na papo hapo wimbo umehamishwa makazi bila ridhaa yake. Ni kama kutia chumvi kwenye chai ya mgeni kwa sababu wewe umezoea mchuzi. Kosa hili tumelieleza kwenye kila semina, na bado linarudi.

China ina vikundi vikubwa vya vyombo bila sauti nne za namna hiyo. Katika muziki wa nyuzi na filimbi wa eneo la Shanghai, wapigaji wote hufuata wimbo mmoja, kila chombo kikiuremba kivyake. Mpenzi wa taarab ya Unguja hatashangaa. Fidla na kanuni (ala ya nyuzi nyingi) hufanya jambo linalokaribiana sana na hilo.

Halafu kuna sauti ambazo hazipo kwenye kinanda. Guqin, ala ya kale ya China ya kuchomoa nyuzi, ina nyuzi saba na alama 13 kando ya ubao. Mkono wa kulia ukishachomoa uzi, kazi haijaisha: wa kushoto unateleza, unatikisa, unapanda na kurudi, na mara nyingine kidole bado kinatembea wakati sauti imebaki mkwaruzo tu. Maandishi yake ya kale yanataja uzi, kidole na mahali pa kubonyeza. Urefu wa sauti hayataji. Katika opera ya Qinqiang ya mkoa wa Shaanxi, wimbo wa uchungu hupandisha f kidogo na kushusha t kidogo, zikakaa katikati ya funguo mbili. Mzazi mmoja alituletea picha ya programu ya simu inayoonesha mstari mwekundu, kuthibitisha kwamba mfano wetu wa sauti "umetoka nje". Programu hiyo hupima kwa funguo za kinanda. Kitengo hakitarekebisha mfano huo.

Ieleweke kwamba kitengo hakina msimamo juu ya mfumo upi ni bora, na hakuna mtahiniwa atakayelazimishwa kuchagua kipengele hiki. Atakayekichagua ajaze Fomu ya Maelezo ya Utunzi sehemu zote tatu. Sehemu A ni sauti ya nyumbani: isiyotajwa inakatwa alama 5 kati ya 40, na iliyotajwa lakini wimbo usimalizie hapo bila maelezo inakatwa alama 3. Sehemu B ni sauti za ziada nje ya tano: zinaruhusiwa, mradi zitajwe na kazi yake ielezwe. Sehemu C ni rekodi, ambayo isipitishwe kwenye programu ya kunyoosha sauti. Ikibainika imepitishwa, kazi nzima inarudishwa bila kusahihishwa na ada hairudi. Rufaa hupokelewa ndani ya siku 14 tangu matokeo kutangazwa, kwa maandishi, ikiambatana na nakala ya fomu. Picha za simu si kielelezo.

Waliokwisha wasilisha kwa fomu ya zamani waruhusiwe na walimu wao kujaza sehemu A na B upya na kuzileta pamoja na risiti. Utunzi wenyewe haubadilishwi.